Maswali ya Gereji: Spea za Propela, Transfa na Difu za Lori Kuukuu la Jeshi

Barua za safari hii zimeelemea upande mmoja: malori ya jeshi ya zamani, injini nzima, bodi nzima, lakini yamelala uani kwa kukosa krosi (kiungo cha msalaba cha propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu), sili ya kuzuia mafuta au flanji (sahani ya kufungia kwa bolti). Transfa ni boksi la gia linalogawa nguvu kwenda mbele na nyuma. Tumechagua tano.

SWALI: Mafundi, salaam. Nina Bedford MK ya 4x4 niliyoinunua kwa mtu aliyeipata mnadani. Nabeba mawe na mchanga. Propela ya nyuma inagonga nikiachia klachi, na krosi moja imeanza kutoa vumbi jekundu. Nimezunguka Kirinyaga Road ya Nairobi yote, kila duka wananiambia spea za Bedford zilikwisha zamani. Niagize Uingereza au niuze chuma chakavu? — Msomaji, Nakuru

JIBU: Usiuze. Kinachokuponza ni jina la lori. General Motors waliuza biashara ya malori ya Bedford mwaka 1987, ikawa AWD, na AWD nayo ikaanguka mwaka 1992. Kwa hiyo mwenye duka hakudanganyi: katalogi yake haina ukurasa wa MK. Lakini krosi huuzwa kwa vipimo. Ukubwa uleule hufungwa kwenye pikapu, trekta, basi na lori la jeshi, kila mmoja akiupa namba yake. Ingia dukani na milimita mkononi, usitaje Bedford mpaka uulizwe.

Vumbi jekundu ni kutu ya sindano za beringi. Grisi ilikwisha zamani, maji yakaingia, chuma kinasagana na chuma. Hapo kupaka grisi hakusaidii tena, toa krosi.

Kabla ya kulegeza bolti hata moja, weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu. Kisha chora alama kwa patasi au rangi sehemu tatu: flanji ya transfa na flanji ya propela, flanji ya difu na ya propela, na pale propela inapoingiliana kwenye splaini (meno yanayoiruhusu kurefuka na kufupika). Ukisahau hiyo alama ya tatu utakuja kutuandikia barua nyingine kuhusu mtikisiko.

MK ina propela tatu: fupi kutoka giaboksi hadi transfa, ya mbele, na ya nyuma. Pima krosi za kila moja peke yake. Unahitaji vernia inayosoma 0.1 mm, na vipimo viwili kwa kila krosi: kipenyo cha nje cha kikombe (kofia ya beringi kwenye ncha ya krosi), na urefu kutoka mgongo wa kikombe kimoja hadi mgongo wa kikombe cha upande wa pili, vikombe vikiwa vimekaa hadi mwisho. Hicho cha pili ndicho kipimo cha krosi zinazoshikwa na saklipu (pete ya kubana) kwa nje, kwenye mfereji wa yoki (uma unaoshika krosi). Kama saklipu imekaa ndani, kwenye mfereji wa kikombe chenyewe, pima umbali kati ya mifereji na umwambie muuzaji wazi kwamba saklipu ni za ndani. Mikanganyiko mingi ya dukani huanzia hapo.

Andika pia nipeli ya grisi iko wapi, katikati ya krosi au kwenye kikombe, na kama vikombe ni vya duara tupu au vina mabawa ya kufungwa kwa bolti.

Kwa krosi za familia ya Spicer (mtengenezaji wa propela na giaboksi) zenye saklipu za nje, vipimo vya kubeba kichwani ni hivi. 1310 ni 27.0 kwa 81.8 mm. 1350 ni 30.2 kwa 92. 1410 ni 30.2 kwa 106.3. 1480 ni 34.9 kwa 106.3. 1550 ni 34.9 kwa 126.2. Tazama mtego uliomo: 1410 na 1480 zina urefu mmoja, vikombe tofauti, 1480 na 1550 zina kikombe kimoja, urefu tofauti. Mtu aliyepima kikombe peke yake ana nafasi nzuri ya kurudi nyumbani na krosi isiyoingia. Krosi yako ikitoka 48 kwa 116, 52 kwa 133, au 57 kwa 144 au 152, hizo ni saizi za malori makubwa ya Ulaya, na duka lolote linalohudumia matrela ya barabara ya Mombasa hadi Kampala huziweka au linajua pa kuzipata.

Ikiwa kipimo chako hakifanani na chochote, rudia kupima kabla ya kukata tamaa. Kikombe kilicholika kinaweza kusoma pungufu kwa 0.1 au 0.2 mm, pima kile kilicho kizima zaidi kati ya vinne, na pima pia tundu la yoki.

Njia ya pili ni namba ya ghala la jeshi. Vifaa vya nchi za NATO vina namba ya tarakimu 13. Nne za kwanza ni aina ya kifaa: 2520 ni sehemu za kupeleka nguvu, yaani klachi, giaboksi, transfa, propela na difu, 2530 ni breki, usukani, ekseli na magurudumu, 3110 ni beringi, 5330 ni sili na gasketi. Mbili zinazofuata ni nchi iliyokisajili: 99 Uingereza, 00 na 01 Marekani, 12 Ujerumani, 14 Ufaransa. Saba za mwisho ndizo za kifaa chenyewe. Ukiikuta kwenye kibati, kwenye boksi kuukuu au kwenye kitabu cha spea cha lori, iandike yote kwenye mtandao pamoja na vistari vyake. Mara nyingi utaona namba ya mtengenezaji halisi imekaa pembeni yake, na hiyo ya mtengenezaji ndiyo ya kupeleka dukani. Watu wengi hutafuta kwa namba ya jeshi peke yake, wakaishia kwa wauzaji wa vitu vya kumbukumbu wanaotoza bei ya makumbusho kwa beringi iliyojaa madukani.

Beringi na sili zina njia rahisi zaidi. Beringi ya milimita yenye namba kama 6308 inajieleza: tarakimu mbili za mwisho zidishe kwa 5 upate tundu, hapa 40 mm, na kanuni hiyo inashika kuanzia 04 kwenda juu. Hizo zipo kila mji. Lakini tegemea beringi nyingi za lori la Kiingereza la umri huo kuwa za inchi, hasa za roli zenye umbo la koni, ambazo koni na kombe lake kila kimoja kina namba yake. Soma namba zote mbili. Usinunue koni mpya uitie kwenye kombe la zamani.

Sili nayo ipime kwa shafti, kwa hausingi na kwa unene. Inchi mbili na nusu ni 63.5 mm. Muuzaji atakupa 65 akikuambia "itakaa tu". Itakaa, na itavuja kuanzia siku ya kwanza. Kama mdomo wa sili ya zamani umechimba mfereji kwenye flanji, sili mpya ya saizi sahihi pia itavuja. Ama uisogeze ndani milimita 2 hadi 3 ipate sehemu laini, kama hausingi inaruhusu, ama uvike kola nyembamba ya chuma inayouzwa kwa kazi hiyo. Kwa mkereza vyuma mzuri, flanji inaweza kuchomelewa, kukerezwa na kusuguliwa upya. Mwambie asiache michirizi ya zana, kwa sababu michirizi husukuma mafuta nje kama skrubu.

Sasa kufunga krosi. Osha matundu ya yoki, ondoa kutu yote kwenye mifereji ya saklipu. Vikombe viingie kwa kusukumwa na presi au vaisi kubwa, si kwa nyundo. Kikombe kikiingia kwa kidole gumba, tundu la yoki limepanuka, na krosi mpya haitadumu. Kuna mafundi hugonga sentapanchi kuzunguka tundu ili libane. Inabana wiki mbili. Yoki ya kuchomelea hubadilishwa, basi. Kikombe kikigoma kabla saklipu haijafika kwenye mfereji, simama. Sindano moja imeanguka na kulala chini ya kikombe. Toa, ipange upya kwa grisi nzito, rudia. Wanaoendelea kupiga nyundo huvunja kikombe, kisha wanalaumu krosi ya Kichina.

Ukimaliza, krosi izunguke pande zote kwa mkono, bila kukwama na bila kucheza. Saklipu huuzwa kwa unene tofauti ili uondoe mchezo huo. Piga grisi ya lithiamu namba 2 ya kubeba mzigo mpaka itoke kwenye vikombe vyote vinne. Kikombe kimoja kisipotoa, kigonge kidogo kwa nyundo ya plastiki au legeza upande huo. Kikiendelea kugoma, njia imeziba na hicho ndicho kitakachokufa kwanza.

Kabla ya kurudisha, shika splaini kwa mikono miwili uikunje kama unayekamua nguo. Ikicheza kwa kiasi cha kuonekana, ule mlio wa kugonga ukiachia klachi utabaki hata na krosi mpya. Splaini hubadilishwa pande zote mbili, dume na jike. Hesabu meno, pima kipenyo cha nje, angalia kama meno ni ya pande sambamba au yana tumbo. Kwa taarifa hizo watengeneza propela wa Nairobi wanaweza kukufungia kipande kipya cha kuchomelea kwenye bomba lako.

Bolti za flanji ni za inchi, zenye nyuzi laini za UNF. Tundu la inchi 7/16 lina 11.1 mm, na bolti ya M10 inaingia humo ikicheza zaidi ya milimita moja. Inayoshika flanji ni msuguano wa nyuso mbili zilizobanwa. Bolti ikilegea nyuso zinateleza, bolti inakatwa. Tafuta bolti za inchi zenye mistari sita kichwani. Zenye mistari mitatu ni dhaifu zaidi, na zisizo na mstari ni za mlango.

Uingereza agiza kile tu ambacho vipimo haviwezi kukuletea: gia za transfa, kroni na pinioni (gia mbili kuu za difu), hausingi iliyopasuka, viungio vya ekseli ya mbele. Kwa kuwa MK huendeshwa kwa magurudumu ya nyuma mpaka dereva aingize ya mbele, ukisubiri mzigo wa spea za mbele unaweza kuivua propela ya mbele na kuendelea na kazi.

SWALI: Habari zenu. Mimi niko Ohio, Marekani, na nina M35A2, lori la jeshi la Marekani, ninayoitumia shambani. Ikiwa kwenye lami usukani unakuwa mzito nikikata kona, na nikirudi nyuma kitu kinalia "taa" chini ya kebini. Muuzaji wa spea aliniuliza nina transfa gani, sikujua la kumjibu. — Msomaji, Columbus

JIBU: Alikuuliza swali sahihi. M35 zilifungwa transfa za kampuni ya Rockwell za aina mbili. T-136-21 ina spragi: kifaa kinachoruhusu shafti ya mbele kuzunguka huru, na kuishika yenyewe pale magurudumu ya nyuma yanapoteleza. T-136-27 huingiza ekseli ya mbele kwa hewa, dereva akiamua. Lala chini utazame sehemu ya kutokea propela ya mbele. Ukiona silinda ndogo ya hewa yenye bomba, ni -27. Ukiona fimbo inayotoka kwenye giaboksi kwenda transfa, ni -21. Sehemu za ndani za upande huo haziingiliani, kwa hiyo usilipe kabla ya kuangalia.

Dalili zako ni za spragi. Fimbo ile kazi yake ni kugeuza spragi kila unapoingiza gia ya nyuma. Ikiwa imelegea, imepinda au imekwama kwa kutu, unarudi nyuma huku spragi imebaki upande wa kwenda mbele. Basi inafunga ekseli ya mbele moja kwa moja, na nguvu yote inajikunja ndani ya propela mpaka kitu kiachie. Huo mlio ndio kuachia kwenyewe. Kwa bahati mbaya mara nyingine kinachoachia ni hausingi ya transfa. Usirudi nyuma kwenye ardhi ngumu mpaka urekebishe fimbo hiyo. Hata kuvua propela ya mbele kwa muda ni bora kuliko kubahatisha.

Kisha pima matairi, kila moja kwa utepe kuzunguka tumbo lake, yakiwa na upepo sawa. Spragi imepangwa ili magurudumu ya mbele yatangulie shafti yao. Ukiweka matairi mapya mbele na yaliyolika nyuma, ya mbele yanazunguka polepole zaidi, na spragi inashika muda wote hata kwenye lami. Kwa -21 basi, mapya yaende nyuma. Na ekseli mbili za nyuma za lori hili hazina difu kati yake, zimefungwa pamoja kwa propela. Tofauti ya mzingo kati yake ibaki chini ya asilimia 1, yaani kama sentimita 3 kwa tairi la 9.00-20.

Upande wa spea huna shida wewe. Lori lilitengenezwa kwa wingi, na kitabu cha spea ni TM 9-2320-361-20P, kina mchoro na namba ya ghala kwa kila kipande. Giaboksi ni Spicer 3053A, difu zote tatu ni za Rockwell zenye uwiano wa 6.72, kwa hiyo kichwa cha difu cha nyuma kilichovuliwa kwenye lori jingine la familia hiyo hufaa, mradi uhakikishe ni cha ekseli ipi. Difu ya ekseli ya kati ina shafti inayopita hadi nyuma.

Jambo moja la hatari ambalo wengi hawalifikirii: breki ya mkono ya M35 ni dramu iliyoko nyuma ya transfa. Ukivua propela ya nyuma, dramu inashika hewa. Lori litateremka likiwa "limevutwa" breki. Kabari, kila mara. ZIL-131, lori la Kirusi, nayo iko hivyohivyo.

SWALI: Wakuu, nina CA-30 ya Kichina. Kibati kimefutika, na maandishi niliyoyaona kwenye sehemu chache ni namba tupu. Nianzie wapi? — Msomaji, Tabora

JIBU: Anzia kwenye hizo namba tupu. CA-30 ilitokana na ZIL-157 ya Urusi, na Wachina waliuchukua pia utaratibu wa Kirusi wa kupanga namba za spea. Mbele ya kistari kuna modeli. Baada yake, tarakimu mbili za kwanza ni kundi. 17 ni giaboksi, 18 transfa, 22 propela, 23 ekseli ya mbele, 24 ya nyuma, 25 ya kati. Kipande kilichochongwa namba inayoanza na 18 baada ya kistari hakiwezi kuwa cha difu, hata muuzaji aape. Na krosi kwa kawaida huishia na 025: 130-2201025, kwa mfano, ni krosi ya ZIL-130.

Hesabu propela zako. ZIL-157 ina tano, kwa sababu kila ekseli ya nyuma ina njia yake kutoka transfa, na ile ya mwisho hupitia beringi iliyokaa juu ya ekseli ya kati. ZIL-131 si hivyo. Ekseli yake ya kati inapitisha nguvu hadi ya nyuma. Kwa hiyo anayekuuzia "ekseli ya ZIL" bila kusema ZIL ipi, mwachie mzigo wake. Beringi ile ya juu ya ekseli ya kati husahaulika wakati wa kupiga grisi, na ndiyo huanza kulia.

Beringi za Kirusi na za Kichina za umri huo ni za milimita, hivyo zikikosa namba inayosomeka, tundu, nje na unene vinatosha.

SWALI: Nina Mercedes 1017 A iliyotoka jeshi la Ujerumani, tumeijengea bodi ya watalii. Tulibadilisha giaboksi, propela ikafupishwa kwa fundi wa kuchomelea. Sasa ikifika kilomita 60 kwa saa inatetemeka mpaka vioo vinalia. Fundi anasema ni matairi. — Msomaji, Arusha

JIBU: Kwanza faraja: 1017 A chini yake ni Mercedes ya kiraia iliyopakwa rangi ya jeshi, kwa hiyo krosi, flanji na senta beringi utazikuta pamoja na za malori mengine ya Mercedes ya miaka hiyo.

Fundi anaweza kuwa sahihi, ila kuna namna ya kujua bila kubishana. Ifikishe 65, weka nyutro, acha injini ishuke iende yenyewe. Mtetemo ukitoweka papo hapo, tafuta injini, klachi au giaboksi. Ukibaki, ni propela, difu au magurudumu. Kisha vua propela ya mbele na urudie mwendo uleule kwa propela ya nyuma peke yake, ikiwa transfa yako inaruhusu. Lori lisilo na habu za kuachia huizungusha propela ya mbele kwa magurudumu hata kama hujaingiza 4x4, na watu hutengeneza ya nyuma mwezi mzima kumbe mgonjwa ni wa mbele.

Ikiwa ni iliyofupishwa, tuangalie mambo manne kwa mpangilio wa yanayotokea zaidi.

Yoki za ncha mbili ziwe sawa. Simama mwishoni mwa propela utazame kama kwenye mtutu wa bunduki: masikio ya yoki ya bomba upande huu na upande ule yalale kwenye mstari mmoja. Krosi ikifanya kazi kwenye pembe hubadilisha kasi mara mbili kila mzunguko, na krosi ya pili kazi yake ni kufuta kosa la ya kwanza. Splaini ikirukwa hata jino moja, kosa hilo halifutiki lote.

Pembe. Weka simu yenye programu ya kupima mwinamo juu ya flanji ya transfa, juu ya bomba, na juu ya flanji ya difu. Flanji mbili za mwisho ziwe sambamba, tofauti isizidi nyuzi 1. Kama mlibadilisha giaboksi na viegemezi vyake, hapa ndipo tungetazama kwa makini sana. Hurekebishwa kwa kabari ya chuma kati ya springi na ekseli, au kwa shimu chini ya transfa. Lakini usiilaze propela ikawa imenyooka kabisa. Bila hata nusu nyuzi ya pembe sindano hazizunguki, zinachimba mahali pamoja na krosi inakuwa na alama kama za meno.

Bomba. Muulize fundi alitumia nini. Bomba la maji lina mshono na unene usio sawa, na halisawaziki hata mbele ya mashine. Bomba la propela huvutwa kwa kazi hiyo. Likishachomelewa, lizungushwe kwenye mashine ya kukereza na saa ya kupimia igusishwe katikati: mpindo chini ya 0.5 mm, na chini ya 0.25 kama unaweza. Ndipo lisawazishwe kwa vipande vya uzito, propela ikiwa nzima na krosi zake mpya. Kusawazisha propela yenye krosi zilizokwisha ni kutupa pesa.

Urefu. Propela ndefu mno ina kasi ambayo hupinda yenyewe katikati hata ikiwa imesawazishwa. Kwa chuma, zidisha 120,000,000 kwa kipeuo cha pili cha jumla ya miraba ya vipenyo viwili vya bomba, nje na ndani, kisha gawa kwa mraba wa urefu, vyote kwa milimita. Bomba la 90 kwa nje na 84 kwa ndani, urefu 1,500, linatoa karibu mizunguko 6,570 kwa dakika. Lifanyie kazi hadi asilimia 65 ya hapo, kama 4,270. Yako imefupishwa, kwa hiyo si tatizo kwako. Tunamwandikia anayerefusha chesisi.

Wakati wa kupima upya, lori liwe chini kwa magurudumu yake likiwa na mzigo wa kawaida. Pima uso wa flanji hadi uso wa flanji, kisha acha angalau 25 mm za splaini kuingia ndani springi zikilala, na ubakize meno yaliyoshikana kwa urefu usiopungua mara moja na nusu ya kipenyo cha splaini. Propela iliyobana hadi mwisho husukuma beringi ya transfa kila unapopita tuta.

Bolti za flanji za Kijerumani huwa za daraja la nguvu la 10.9. M10 ikazwe 69 Nm, M12 120, M14 190, kwa spana ya torki, nyuso zikiwa kavu bila rangi. Nati za kujifunga zikifunguliwa hazirudishwi.

SWALI: Nimepata transfa na sili "mpya kabisa" zilizokaa ghalani tangu miaka ya 1980, bado zimefungwa karatasi ya nta. Ni salama kuzifunga zilivyo? — Msomaji, Mombasa

JIBU: Gia ndiyo, sili hapana. Mpira huzeeka ukiwa umelala. Kunja mdomo wa sili kwa kucha, ukiona nyufa ndogo au ukiwa mgumu, tumia kama kipimo cha kununulia mpya. Boksi za jeshi mara nyingi zina tarehe ya kufungwa, isome. Beringi na krosi za ghalani zina grisi iliyogeuka nta: zioshe kwa mafuta ya taa, zikaushe bila kuzizungusha kwa upepo wa kompresa, uzikague kwenye mwanga mkali kwa madoa ya kutu, kisha uzijaze grisi mpya. Hewa ya Mombasa hupenya karatasi, na doa moja la kutu kwenye njia ya roli latosha kuimaliza beringi.

Transfa ifungue kifuniko. Mafuta ya kuhifadhia hayafanyi kazi ya mafuta ya gia. Yamwage, suuza kwa dizeli, kisha jaza aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha lori lako. Usiende moja kwa moja kwenye GL-5 (daraja la mafuta ya gia) ukidhani namba kubwa ndiyo bora: viungo vyake vya salfa huweza kushambulia bushi na ringi za shaba kwenye giaboksi na transfa za zamani joto likipanda. Difu zenye meno ya haipoidi (yaliyopinda, pinioni ikiwa pembeni ya katikati ya kroni) ndizo zinazohitaji GL-5. Baada ya kilomita 500 za kwanza mwaga tena, na upitishe sumaku kwenye mafuta yaliyotoka. Unga mwembamba wa kijivu ni wa kawaida, vipande vyenye kingo si vya kawaida, na hapo fungua kifuniko kabla hujaenda tena.